Uvimbe wa Makena

Kiunga, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, anasema kule Kianjokoma mtu mmoja alidungiwa ng'ombe shingoni, pakavimba kama yai. Mwenyewe akakanda kwa maji ya chumvi, uvimbe ukaisha, ng'ombe akabaki. Wa jirani yake hakukandwa, akapelekwa kuchinjwa. Kiunga hakuona kwa macho, aliambiwa na shemeji yake, lakini alitusimulia siku ile ile ng'ombe wetu, Makena, alipodungwa.

Sisi tulichaguliwa kwa kura. Daktari wa mifugo, Sabirin, alitoka Makutano na orodha ya chama cha maziwa, akaokota majina kwenye ndoo. Alitaka kujua ni ng'ombe wangapi huku kwetu wana kifua kikuu. Hawezi kupima wote, alisema, kwa hivyo kila zizi lililookotwa linasemea mengine ishirini. Alimnyoa Makena sehemu mbili shingoni, akadunga dawa ya kupimia, akasema pasiguswe mpaka siku ya tatu, atakapokuja kupima unene wa ngozi, kwa kuwa aliye mgonjwa ndiye huvimba.

Siku ya pili pakavimba. Mama mkwe wangu, Lydiah, tunayemwita Mami, akapasha maji, akatia chumvi. Makena ndiye ng'ombe wetu wa pekee, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mami alimkanda polepole, akimbembeleza kama mtu mwenye homa. Kamba niliishika mimi.

Siku ya tatu daktari alipima kwa chuma chake cha kupimia ngozi, akaandika kwamba ni mzima. Mami akamwandalia chai. Mimi nilikuwa namwangalia binti yangu, Kagure, akinywa maziwa lala, yaliyoganda kwenye kibuyu, ambayo hatukuwa tukiyachemsha. Nikafikiria yale mazizi ishirini na watoto wao. Nilimsindikiza daktari hadi barabarani, nikamweleza yote.

Nilingoja anikemee. Yeye alifuta alichoandika.

"Dada, najua si wewe pekee umekanda," akasema. "Lakini ni wewe pekee umeniambia."

Alisema Makena atapimwa tena baada ya miezi miwili. Kwa sasa nichemshe maziwa yote, na mtoto apelekwe hospitali. Kisha akarudi kwa yale maboma mengine aliyodunga kuuliza upya, bila kunitaja.

Kagure alipigwa picha ya kifua, akapatikana mzima. Mpaka leo maziwa yakifurika kwenye sufuria namshukuru Mungu, halafu namshukuru yule daktari mwanamke. Mami alinung'unika kwanza, ati darasa la nane limenifundisha kuogopa maziwa. Nikamwambia ni mimi niliyemweleza daktari habari ya kukanda. Baada ya siku mbili akasema mtoto ni wetu sote, na sasa ni yeye anayenikumbusha kuwasha moto.

Daktari aliporudi kudunga baada ya ile miezi miwili, hakuna aliyegusa shingo. Siku ya tatu uvimbe ulijaa kiganja. Alipima mara mbili, akatuambia kwa upole kwamba Makena ni mgonjwa, inafaa achinjwe mahali nyama inakaguliwa.

Mami alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa ajili ya Kagure. Hakuuachilia.

"Daktari, andika ukweli, sikukatazi. Lakini huyu amebeba ndama. Tuachie mpaka azae."

Sabirin aliangalia tumbo la Makena, kisha akamwangalia mtoto aliyesimama mlangoni pa zizi. Chuma kilikuwa bado mkononi mwake.