Neno Lililokatika

Mama Maimouna hakuwa mtu wa kubembeleza. Kipindi chake cha televisheni, "Mchana Mwema", kilianzia kwenye baraza, kwa kamera ya kupigia arusi na jiko la makaa. Tangu hapo alikuwa amepokea kwaya, wapiga dufu, wachekeshaji kutoka Zongwe na wapishi wa ndakala, wale dagaa wa ziwani, waliobishania chumvi mbele ya mji mzima. Watoto waliokua wakimtazama sasa walikuja na watoto wao. Halafu akafika Papa Nicolas, mkurugenzi mpya wa kituo kutoka Kinshasa.

"Mama, mchana hakuna muntu mwenye anatazama," alimwambia. "Tutaweka video za muziki. Leo utawaaga."

Ilimuuma, tusidanganyane. Kipindi kile ndicho kilikuwa maisha yake. Lakini kulia mbele ya mgeni wa juzi, hapana. Akajipaka wanja, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Sasa, umeme wa Kalemie una vituko vyake, na Maimouna alikuwa na desturi yake. Ukimkata katikati ya sentensi, ukirudi alianzia palepale, bila samahani. Siku moja ulimkata kwenye "chumvi unaweka", mji ukalala hivyohivyo. Kesho yake alifungua kipindi kwa kusema "kijiko kimoja", akaendelea na kazi. Sokoni walicheka wiki nzima.

"Wapenzi watazamaji," alianza siku hiyo, "leo ni siku ya mwisho ya..."

Taa zikazima. Djafari, mpiga kamera wake wa tangu zamani, akashusha kamera.

"Afadhali," alisema Nicolas. "Hata hivyo hakuna aliyesikia."

Maimouna hakuinuka. Alijimiminia chai.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Kapinga, muuza samaki, beseni bado kichwani. "Siku ya mwisho ya nini, Mama? Niambie nirudi sokoni."

Wakaja madereva wa pikipiki, waliosikia kwamba ni siku ya mwisho ya mafuta. Wakaja wazazi, waliosikia ni ya masomo. Fundi wa nguo alileta kitambaa cha mteja alichokuwa amekikalia tangu Pasaka, maana yeye aliambiwa ni ya dunia. Kiwanja kikajaa mpaka barabarani, na wote wakamgeukia Nicolas.

"Wewe ndiyo mukubwa hapa," alisema Mama Kapinga. "Maliza maneno."

Nicolas aliwatazama watu wale, kisha akaingia ndani kwa Maimouna.

"Mama, waambie kitu, tafadhali."

"Umeme haujarudi, Papa. Kaa, unywe chai."

Akakaa. Watu wakangoja juani, na hakuna aliyeondoka. Nicolas aliwachungulia dirishani mara kwa mara, na kila mara walikuwa wameongezeka. Chai ikampoa mkononi.

Taa zilipowaka, Djafari aliinua kamera bila kuambiwa. Tangu asubuhi maneno yaliyokuwa ulimini mwa Maimouna yalikuwa "kipindi hiki". Alimtazama Nicolas. Nicolas akainamisha kichwa, akacheka kidogo, akamfanyia ishara ya mkono aendelee.

Maimouna akatengeneza mtandio wake.

"...ya Papa Nicolas kusema mchana hakuna muntu mwenye anatazama," alisema. "Mama Kapinga, ingia na samaki wako. Jiko liko tayari."