Vibanda vya Nje ya Ua

"Tema, Shangazi."

"Nitatema nini na kinywa kimekauka hivi? Nipe ugoro wangu kwanza, Trula."

Asubuhi hiyo ya Machi tulikuwa jikoni kwake, juu ya mlima, mimi na shangazi yangu Ollie Goins, tukigombana juu ya kichupa cha plastiki. Maelekezo ya kipimo cha DNA yalikataza mtu kula, kunywa au kutia chochote mdomoni kwa nusu saa kabla ya kutema mate. Shangazi alikuwa na miaka themanini na saba, na tangu alipokuwa msichana hakuwahi kukaa nusu saa bila ugoro chini ya mdomo. Mate yake ya kwanza tulikuwa tumeshayatuma, na maabara ikajibu kwa adabu sana kwamba hayasomeki. Mimi niliyaona yalivyokuwa ya kahawia nilipofunga kifurushi, nikajiambia mashine haichagui rangi. Uzembe huo ulitugharimu wiki sita.

Safari hii nilikizika kikopo chake cha ugoro ndani ya unga wa mahindi, nikakaa mbele yake na saa mkononi.

"Baba yako alikuwa mbishi," aliniambia, "lakini ukatili huu hukuutoa kwake."

Ilipotimia nusu saa akatema, akakijaza kichupa, kisha akanyoosha mkono nimpe kikopo chake.

Haraka ile ilikuwa na sababu. Bondeni kulikuwa na Kanisa la Gowan, na kando yake makaburi yaliyozungushiwa ua wa chuma. Ndani ya ua alilala Elihu Gowan, mwanzilishi, pamoja na ukoo wake, chini ya mawe meupe. Nje ya ua walilala watu wetu, makaburi saba, kila moja limejengewa kipaa cha mbao ili mvua isimpige marehemu. Sisi huwajengea wafu wetu hivyo. Watu wa ndani waliviita vibanda vya mbwa.

Kimoja kilikuwa cha Hezekiah Goins, babu yake Shangazi, ambaye alichonga kwa shoka lake boriti za kanisa lile lile. Kuume kwake, Shangazi alikuwa amejiwekea nafasi yake mwenyewe. Kila majira ya kuchipua aliipalilia kama bustani.

Januari ya mwaka huo kamati ya kanisa ikaamua kwamba magari yamekosa pa kuegeshwa. Katiba yao ilisema kaburi la mtu wa ukoo wa Elihu lisiguswe milele. Wengine wangehamishiwa kwenye makaburi ya kaunti, maili kumi na tisa, kwa heshima zote. Trekta lingekuja Juni mosi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Garnet Gowan, mjukuu wa Elihu, mzee wa miaka sabini na tisa mwenye viatu visivyojua tope. Katika kanisa lile kila mtu ni ndugu au dada. Shangazi alikaa benchi la nyuma miaka sitini, na kwa miaka yote hiyo Garnet alimwita Bi Goins.

Mimi nilianza kufukua nasaba nilipopasuliwa goti na kulazimika kuacha kazi ya kupika shuleni. Mtu aliyezoea kuwalisha watoto mia tatu hawezi kukaa akitazama ukuta, basi nikaanza kutazama majina. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1870 nikaikuta nyumba ya Zephaniah Goins, na watoto wake wawili, Elihu, miaka kumi na miwili, na Hezekiah, miaka tisa. Mbele ya kila jina karani alitia herufi ya machotara. Miaka thelathini baadaye Hezekiah yuko vile vile, lakini Elihu ameandikwa Gowan, mzungu. Aligeuza herufi chache za jina lake, akapata kura, shule na mke. Simlaumu sana. Ninachomlaumu ni ule ua.

Nilipoyasoma hayo mbele ya kanisa, Garnet alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Majina yanafanana, mama. Akina Elihu walikuwa wengi. Watu wangu walitoka Uingereza."

 Kisha huku nyuma ikasikika sauti ya Shangazi.

"Kama ni hivyo, tema mate, Bwana Gowan. Mimi natema, na wewe tema. Au unaogopa?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza Garnet. Alisema atatema mbele ya mashahidi, na akatema wiki ile ile. Ni sisi tuliocheleweshwa na ugoro.

Lazima niseme jambo kuhusu Shangazi, kwa sababu kutema kwake hakukuwa rahisi kama kunavyosikika. Nilipokuwa na miaka minane nilirudi kutoka shule na neno jipya nililotupiwa uwanjani, Melungeon, jina la kuwatukana machotara wa milimani kwetu, nikamuuliza maana yake. Alinishika shingo akaniosha mdomo kwa sabuni ya kufulia. "Ukiulizwa, sema sisi ni Wareno," aliniambia, huku analia. Baba yake alizuiwa mlangoni mwa shule kwa neno lile. Yeye mwenyewe alikuwa na mchumba mjini, na mchumba akaonywa na mama yake kwa neno lile lile, akapotea. Hakuolewa kamwe. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa akilifungua kwa mate yake sanduku alilolikalia maisha yake yote.

Majibu yalikuja wiki mbili kabla ya trekta. Nilimsomea mezani, juu ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi. Ulaya ya kaskazini, sehemu kubwa. Afrika ya magharibi na kati, sehemu ya kumi. Ureno, hakuna kitu.

Aliweka kijiko chini. Nikaogopa nimemvunja moyo.

"Hata tone?"

"Hata tone, Shangazi."

"Kumbe Mreno alikuwa nahodha tu," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye. "Miaka themanini namsifia mwenye jahazi, na babu zangu wako chini wamefungwa." Kisha akajifuta uso kwa aproni, akauliza alichokuwa akikingojea. "Na yule?"

Nikamwonyesha jina kwenye orodha ya jamaa. Garnet Gowan, binamu wa pili. Hiyo ndiyo damu ya watu wawili ambao babu zao ni ndugu, mtoto na mtoto wa nyumba moja.

Siku ya mkutano wa kanisa nilivaa gauni langu zuri na kubeba karatasi zangu zote, niko tayari kwa vita. Sikupata nafasi ya kupigana. Garnet alisimama kabla yangu, karatasi yake mwenyewe mkononi.

"Ninayo sehemu ya Afrika," alisema. "Na ninaye binamu, ameketi benchi la nyuma." Akaikunja karatasi. "Nilipokuwa mtoto, baba yangu alinichapa mara moja tu. Alinikuta nikicheza kwenye vile vibanda. Sikujua aliogopa nini."

"Mimi nilijua," alisema Shangazi, bila ukali. "Nilikuwa na miaka sita. Niliwaona baba yako na kaka zake wakibomoa paa la kaburi la Elihu. Mawe manne yaliyoshika nguzo zake kwenye pembe waliyaacha. Kayatazame."

Kanisa zima likatoka nje. Garnet akapiga magoti na viatu vyake vile, akachimbua majani kwa mikono. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu. La nne alilifikia akiwa anahema, akabaki ameweka kiganja chake juu yake. Kura ya kuyaacha makaburi yetu ilipigwa pale pale kwenye nyasi na hakuna mkono uliobaki chini. Nilipiga kelele ya furaha makaburini, mimi mwanamke mzima, wala sikuona haya.

Trekta lilikuja Juni mosi kama lilivyoagizwa. Liling'oa ua.

Jumapili iliyofuata tulishuka na maua na chakula kuwapamba wafu wetu. Tulimkuta Garnet ametangulia, mbao begani, misumari mdomoni, anamjengea Elihu paa. Shangazi aliketi kwenye kiti chake kando ya Hezekiah, akatia ugoro, akamtazama kwa muda mrefu.

"Paa lako limepinda, ndugu," akasema.

Garnet akatoa misumari mdomoni.

"Linapinda upande gani, dada?"