Wimbo wa Kuingilia, Wimbo wa Kutokea

Mjomba ni kinyozi, lakini ukiingia saluni kwake unaweza kudhani anauza kelele. Kuna kiti kimoja cha kunyolea, kioo kilichopasuka pembeni, na spika mbili zinazonifika kifuani. Mimi nafagia nywele, nachemsha vifaa, na kuwashikilia vichwa watoto wanaoogopa mashine. Shule haina spika za maana. Kwa hiyo siku ya michezo inapokaribia huja kuazima za mjomba, na mwalimu wa michezo hukaa papo hapo kwenye benchi la wateja kuchagua muziki wa gwaride. Kila darasa huingia uwanjani na wimbo wake. Kutoka, hutoka wote kwa wimbo mmoja.

Mwaka huu alikuja na mdogo wangu kamshika mkono.

"Darasa la tatu wamemchagua Chiriku abebe bendera," alimwambia mjomba. "Wamepiga kura wenyewe, na mimi sina neno. Ila mbeba bendera ndiye anayevuta mstari. Akikosa hatua, wote wa nyuma wanakanyagana. Nimeona tumjaribu hapa kabla sijatangaza. Akishindwa kwenda na muziki, nitampa mwingine, na nimeshamwambia hivyo."

Chiriku tulimwita kwa sababu ya mdomo, maana hata usingizini anaongea. Tangu mama aende kufanya kazi mbali, mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemsuka na ninayemgombeza. Mguu wake wa kushoto ulivunjika alipoanguka ngazini akiwa bado mdogo, ukaunga ukiwa mfupi kidogo. Haumuumi. Anaruka kamba, anapanda asikotakiwa kupanda. Ila hatua zake hazilingani: ndefu, fupi, ndefu, fupi.

Alichukua ufagio wangu, akausimamisha mbele ya kifua kama mlingoti, akangoja mlangoni bila kusema neno. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniambia anaitaka bendera kiasi gani.

Kwenye kiti alikuwa fundi viatu, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado. Mjomba alimwacha hivyo hivyo akaenda kwenye kompyuta.

"Jamani, na mimi?"

"Tulia. Umekuja na kichwa, utaondoka na kichwa."

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa tarumbeta, wa harakaharaka. Chiriku alitoka mlangoni kuelekea kwenye kioo. Mwanzo alikwenda nao vizuri, halafu ngoma ikamtangulia, akaruka kidogo ili aifikie, akapiga ndoo teke.

"Mjomba, punguza mwendo," nilimnong'oneza.

Akapunguza. Muziki ukawa kama mtu anayeburuta kabati.

"Hapa tunamzika nani?" fundi viatu akauliza.

Mwalimu alicheka, kisha akamtazama Chiriku, kicheko kikamkauka. "Hapana," alisema polepole. "Darasa zima haliwezi kutembea hivi juani."

Tukajaribu mwingine, na mwingine tena. Kila mara Chiriku alirudi mlangoni, akaweka ufagio sawa, akaanza upya. Mguu wake sikuuangalia, nimeuzoea. Nilimwangalia uso. Alikuwa ameuma mdomo wa chini na ameamua kutonitazama, kwa kuwa tungetazamana angelia. Nilitamani nimwambie tuache, twende zetu nyumbani. Lakini bendera ilikuwa yake kuikataa, haikuwa yangu.

Mwishowe akashusha ufagio.

"Mwalimu, mpe tu yule mrefu. Mimi nitagawa maji."

Alisema kwa adabu, kama mgeni anayekataa kuongezewa chakula. Mwalimu alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na nadhani hata yeye hakujua anatafuta nini. Mjomba akarudi kwenye kichwa cha fundi viatu. Naye akikosa maneno ana dawa yake moja tu: hufungulia muziki wake wa kazi, ule wa dansi wa ujana wake, gita na ngoma bila mwimbaji. Akaufungulia.

Chiriku akawa anapeleka ufagio kwenye kona.

Nilinyanyua macho, na mwalimu alikuwa ameshasimama. Ule muziki ulikuwa unayumba. Ngoma ilivuta kidogo, ikakatisha, ikavuta, ikakatisha. Ndefu, fupi. Na mtoto alikuwa anapita katikati yake bila habari, miguu na ngoma vikisema kitu kimoja.

"Usizime!" mwalimu alimwambia mjomba. "Chiriku, rudi mlangoni. Usifanye gwaride. Tembea tu kama unatumwa dukani."

Akatembea. Mwalimu akamfuata nyuma, viatu vyake vikagongana, akacheka peke yake, akajaribu tena mpaka akaupata: bega linashuka, bega linapanda. Fundi viatu akainuka na shuka lake shingoni, nusu kichwa kipara, akaingia kwenye mstari. Na mimi nikaingia.

"Hii ni saluni au kiwanja?" mjomba alilalamika, lakini aliongeza sauti.

"Na hili ni gwaride gani, mwalimu?" fundi viatu aliuliza.

"La darasa la tatu," mwalimu akajibu. "Wengine watajijua."

Chiriku alianza kuongea pale pale, na hakunyamaza hadi tulipofika nyumbani.

Mazoezini watoto walinung'unika, kisha wakajifunza kwa kumtazama mgongo. Hatua ile ikawakaa mpaka wakawa wanarudi nayo majumbani, na mama mmoja akaja kumuuliza fundi viatu kama ndiye aliyeshona viatu vinavyobana.

Siku ya michezo ikafika. Mjomba alikaa kwenye mitambo, mimi nikashika waya uliokuwa unachomoka. Darasa la tatu waliingia na gita lao, mstari mzima ukiyumba pamoja, na Chiriku mbele na bendera, shingo imenyooka. Watu walipiga makofi. Mjomba alinigonga kwa kiwiko, nikagundua kuwa nimejifunika mdomo kwa kiganja.

Kisha mbio, kisha zawadi, kisha mwalimu mkuu akatangaza madarasa yatoke. Mjomba akabonyeza wimbo wa kutokea wa kila mwaka. Tarumbeta. Harakaharaka.

Tukatazamana. Siku ile saluni, pamoja na kelele zetu zote, hakuna aliyekumbuka kwamba watoto wakiingia wanatoka.

"Badilisha!" nilisema.

"Nitabadilishaje? Darasa la kwanza na la pili wako katikati ya uwanja. Wataparaganyika."

Darasa la pili likasonga, nafasi ikafunguka mbele ya Chiriku. Alizitazama spika. Sisi hakututazama. Nilimwona akivuta pumzi, mabega yakapanda, na nikajua anataka kukimbia aufikie muziki kama alivyofanya siku ya ndoo.

Hakukimbia. Akatoa mguu: ndefu. Akatoa wa pili: fupi. Tarumbeta zikaenda zake na yeye akaenda zake, na darasa zima likamfuata nyuma, bega linashuka, bega linapanda. Mwalimu alitembea pembeni yao, filimbi mdomoni, hakuipuliza. Darasa la nne, waliobanwa kati ya spika na migongo ya wenzao, wakababaika kidogo, kisha wa mbele wakaanza kuyumba nao.

Mjomba akapunguza sauti, akapunguza tena, hadi zikabaki nyayo kwenye vumbi.

Nilimkuta langoni, amekumbatia mlingoti.

"Dada, mlisahau kutuchagulia wa kutokea."

"Tulisahau, mama. Tusamehe."

"Nilitaka kuukimbilia." Alijifuta jasho begani. "Halafu nikawasikia wako nyuma yangu. Nikaona nikikimbia nitawaacha."

Nilinyoosha mkono nimpokee bendera. Akaivuta kwake.

"Nimeambiwa niirudishe ofisini mwenyewe," alisema, akaondoka nayo, na wasichana wawili wa darasa lake wakamfuata nyuma, wote watatu wakiongea kwa pamoja, bila hata mmoja kukosa hatua.