Umeme wa Nyumba ya Mama

Fundi makochi hakuwahi kukopa benki hata siku moja. Ndiyo maana siku alipokwenda kuomba mkopo na binti wa benki akamwambia jina lake limechafuka, alidhani anatafutwa mtu mwingine.

"Limechafuliwa na nani?"

"Bili ya umeme, mzee wangu. Haijalipwa mwaka mzima. Kampuni ya umeme imepeleka jina lako kwenye kumbukumbu za wakopaji, na kila benki inaliona."

"Mimi nakaa nyumba ya kupanga. Umeme nanunua kabla ya kutumia."

Binti akamgeuzia kompyuta. Ilikuwa anwani ya nyumba ya mama yake. Mita ile aliiandikisha yeye, enzi zile alipopata kazi ya kwanza na kuvuta umeme hadi mlangoni kwa mama, majirani wakimpigia vigelegele. Mama alikuwa amefariki. Sasa pale alikuwa akiishi mdogo wake wa kike, aliyemuuguza mama hadi mwisho.

Fundi alitoka mikono mitupu. Mkopo ule ulikuwa wa kununua cherehani ya ngozi na sponji za viti vya ukumbi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Mwenye ukumbi alimsikiliza kwenye simu, akaguna, akasema, "Basi fundi, mimi siwezi kungoja." Kazi ikaenda kwa mwingine.

Jioni ile aliingia kwa dada yake bila kubisha hodi. Alimkuta akipuliza jiko la mkaa, koroboi pembeni.

"Umeme uko wapi?"

"Walikuja kukata, kaka."

"Bili mwaka mzima! Ulikuwa unazifanyia nini? Kuwashia moto? Umenivua nguo mbele ya mabenki yote!"

Dada aliipua sufuria, akafuta mikono kwenye kanga. "Unaikumbuka ile mashine ya kumsaidia mama kupumua?"

Angeachaje kuikumbuka? Kila alipokuja Jumapili aliikuta ikinguruma kando ya kitanda kama jokofu bovu. Alikaa, akamshika mama mkono, akaacha chochote kilichokuwa mfukoni, akaondoka.

"Ilikuwa haizimwi, usiku na mchana," dada akasema. "Ulichoacha kilinunua dawa. Umeme ukabaki. Nikasema nitalipa mwezi ujao, na mwezi ujao nao ukaja na mambo yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema, mwanangu ana mzigo wake, usimwongezee. Na angejua bili imefika wapi, angeniambia niizime ile mashine. Unamjua mama."

Alimjua. Akavuta kigoda, akakaa, na uchovu wa mwaka mzima ukamshukia mabegani. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimchosha zaidi, maana hasira angalau ingemtuma afanye jambo. Dada akampakulia, wakala.

Kampuni ya umeme ilikubali walipe kidogo kidogo, ikaurudisha umeme. Fundi akarudi kubadilisha vitambaa vya makochi ya watu, akishona kwa mkono ngozi ambayo mashine ingeimaliza mara moja, vidole vikitoka damu. Dada akafua nguo za majirani. Kuna miezi walilipa, wakabaki kutazamana, hela ya chakula hakuna.

Siku deni lilipokwisha, fundi alirudi benki na risiti ya mwisho. Binti alimpongeza kwa dhati, kisha akainamisha macho.

"Sasa itaonekana umelipa, mzee wangu. Ila itaonekana pia kwamba ulichelewa. Tungoje kidogo, tuone unavyoendelea."

"Kidogo ni muda gani?"

"Miaka kadhaa."

Fundi alicheka, kicheko kikavu. Angemweleza nini? Kwamba kule kuchelewa ndiko kulikompa mama pumzi za mwisho? Kompyuta haina mahali pa kuandika hilo.

Dada alikuwa akimngoja nje, kivulini.

"Vipi?"

"Tungoje." Akamtazama usoni, akaona mvi ambazo hakuwahi kuziona. "Sikiliza, mdogo wangu. Toka leo bili ikija, nipigie siku hiyohiyo. Hata ikiwa mbaya."

Dada akakohoa, akachezea pindo la kanga.

"Imekuja jana, kaka."

Fundi akashusha pumzi. "Haya, twende tukapange foleni."