Turbo ya Trekta

Drusilla Mokeira alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana upande wa Nyamira, binti wa mzee Machogu wa Kebirigo. Alikuwa na Datsun 1600 ya njano, na watu waliomjua walilijua gari lake kabla ya sura yake. Jumatatu hadi Ijumaa lilimpeleka kazini. Jumamosi liliwabeba wazazi wake kwenda kanisani, kwa kuwa walikuwa Wasabato na mama yake hakuweza tena kutembea mbali. Jumapili lilikuwa lake peke yake, na Jumapili ndiyo iliyoleta maneno.

Mwaka 1977 aliliingiza katika mashindano ya klabu ya magari ya Kisii. Walikuwa madereva tisa, yeye akamaliza wa saba. Si kwamba hakujua kukata kona. Kwenye kona aliwafikia wanaume, lakini kila walipotoka konani walimwacha kama mtu aliyefungwa kamba mgongoni. Sababu aliijua. Kisii iko juu, hewa yake ni nyepesi, na injini ndogo hupumua kwa shida. Wenye injini za lita mbili na tatu walikuwa na pumzi ya kutosha na kubaki.

Baada ya mashindano, mwenyekiti wa klabu, Walter Omwenga, tajiri wa malori, alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, umejitahidi. Mwakani njoo ukae kiti cha pembeni, utusomee ramani."

Watu wakacheka. Mokeira alingoja wamalize.

"Mwakani nitakuja na gari hilihili," alisema, "na nitakaa kiti hikihiki."

Miezi iliyofuata alisoma kila gazeti la magari aliloweza kupata, hata yale yaliyochanika. Humo ndimo alimokutana na turbo. Alipoielewa, alikwenda moja kwa moja kwa Thadeus Ombati, fundi mwenye gereji Daraja Mbili, akamchorea kwa chaki kwenye sakafu: feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa injini unazungusha ya kwanza, na ya pili inasukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe.

"Hewa ambayo mlima umetunyima," alisema, "tutaichukua kwa nguvu."

Ombati alikuwa fundi wa miaka ishirini, mtu wa kujivunia mikono yake. Aliutazama mchoro, akatikisa kichwa taratibu, halafu macho yakamng'aa. "Kuna moja naijua. Lile lori la Omwenga lililopinduka mwaka jana. Turbo yake kubwa kama sufuria ya harusi. Nikimwomba atanipa bure, tena kwa kicheko."

"Lori lile injini yake ni lita ngapi?"

"Kumi na moja."

Mokeira akapiga magoti tena na chaki. "Lita kumi na moja, mizunguko elfu mbili na mia moja kwa dakika. Hiyo ni ishirini na tatu elfu na mia moja. Ndiyo hewa ambayo turbo hiyo imezoea. Sasa mimi, lita moja na pointi sita. Nikikaza sana, mizunguko elfu tano na mia tano. Elfu nane na mia nane. Sifiki hata nusu yake. Moshi wangu hautaizungusha mpaka niwe nimeshatoka konani."

"Mwalimu, kubwa ni kubwa. Nguvu ni nguvu."

"Hesabu ni hesabu. Nitafutie ndogo."

Ndogo ilipatikana Sotik, kwenye trekta lililokufa katika mashamba ya chai. Lita nne, mizunguko elfu mbili na mia mbili. Mokeira alizidisha akiwa bado amesimama katikati ya vyuma chakavu: elfu nane na mia nane. Alirudia mara ya pili kwa kalamu, kwa sababu jibu lilikuwa zuri mno. Kisha akaifunga turbo ile katika kanga na kuipeleka gereji.

Ombati aliipokea kama mtu aliyeletewa chakula cha jana. "Gari la mashindano lenye kifaa cha jembe! Watu watanicheka mpaka Tabaka."

"Wacheke. Wewe ifunge."

Hakuifunga. Ijumaa, Mokeira alipotoka shuleni na kupanda basi kuja kulichukua gari, alilikuta limekwisha, boneti imefunguliwa, na ndani yake, imebanwa kando ya injini kama ng'ombe aliyeingizwa zizi la mbuzi, imo turbo ya lori. Ombati alikuwa anafuta mikono, anatabasamu.

Mokeira alihisi uso ukimwaka. Alitaka kupiga kelele, lakini alijua Ombati hangesikia kelele. Fundi yule aliamini chuma tu.

"Ingia," alimwambia. "Twende."

Walishika barabara ya Nyamira. Kwenye mlima wa kutoka mjini walikwama nyuma ya lori la chai linalotambaa. Lilipowapisha, Mokeira alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Moja."

Datsun ilijikokota.

"Mbili. Tatu."

Kona ilikuwa inakaribia. Ombati alikaza mkono wake mlangoni.

"Nne."

Ndipo turbo ilipoamka. Gari liliruka kama limepigwa teke, katikati ya kona, magurudumu ya nyuma yakateleza, na Mokeira akapambana na usukani mpaka waliposimama matako ya gari yakiwa mtaroni, katika majani ya ng'ombe. Kina mama waliokuwa wakilima juu ya barabara walishuka mbio, majembe mkononi, wakiita jina la Mungu kwa Ekegusii. Walipoona hakuna aliyeumia, waliweka majembe chini na kusukuma.

Gari liliporudi barabarani, Mokeira hakuliwasha. "Sekunde nne," alisema. "Uwanja wa mashindano una kona kumi na moja. Nimeutembea kwa miguu, nimezihesabu. Fundi, nne mara kumi na moja?"

Ombati alikuwa anajipangusa matope. "Arobaini na nne," alisema kwa sauti ndogo.

"Kila mzunguko. Na kesho ni Sabato. Mama yangu angekuwa amekaa hapo ulipokaa."

Walilirudisha gari gereji. Jumapili asubuhi, kabla hajaitwa, Ombati alikuwa ameshaifungua turbo ya lori na kuiweka nje ya gereji. Alitengeneza gasketi nene ya shaba, ya kuziba chini ya kichwa cha injini, ili injini isijipasue kwa hewa nyingi, akabadilisha mahali pa kabureta, akaunganisha mabomba upya, na safari hii alimuuliza Mokeira kila kitu kabla ya kukaza bolti. Kazi ilichukua majuma matatu. Walipolijaribu kwenye mlima uleule, Mokeira alikanyaga mafuta na kuanza kuhesabu, lakini hakumaliza kutamka moja. Gari lilipanda kama lililosukumwa na mkono wa mtu mwenye subira. Ombati alicheka peke yake mpaka Nyamira.

Nyumbani haikuwa rahisi. Fomu ya klabu ilikuwa na mstari wa chini: mshiriki wa kike atiliwe sahihi na mume au baba. Mstari huo haukuwapo mwaka uliopita. Mzee Machogu aliisoma fomu ile kibarazani, akaikunja.

"Sitatia sahihi," alisema. "Gari ni la kwenda kazini na kanisani. Ukiliua, mama yako atakwendaje?"

"Tata," Mokeira alimwita baba yake kwa Ekegusii, "Jumamosi iliyopita lilipanda na watu watano. Ulilisikia likilia?"

Mzee alilitazama gari. Hakuwa amelisikia.

"Mlima umelifanya dhaifu, mimi nimelipatia pumzi. Na sikukuomba sahihi. Nimekuonyesha tu, usije ukaambiwa na watu."

Aliichukua fomu, akaiweka juu ya goti, na mbele ya baba yake akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa mshiriki, kisha tena kwenye mstari wa chini.

Katibu wa klabu, Esnah, aliiangalia sahihi ile mara mbili. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya chapa katika ofisi ya wakili. "Huyu ni baba yako?" aliuliza.

"Huyo ni mwenye gari."

Esnah aligonga muhuri.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka juu ya miti. Uwanja ulikuwa wa murami, udongo mwekundu wenye kokoto, mzunguko wa kama kilomita mbili, na mizunguko ilikuwa minane. Omwenga alikuja na gari lake la silinda sita, akachungulia chini ya boneti ya Mokeira. Habari za trekta zilikuwa zimeshamfikia.

"Mwalimu, umekuja kulima?"

"Ndiyo, Bwana Mwenyekiti. Usisimame kwenye mtaro wangu."

Bendera ilipoanguka, Omwenga alitoka mbele, na kwenye sehemu iliyonyooka aliwaacha wote. Mokeira alikuwa wa nne. Hakumfuata kwa pupa. Alingoja kona. Kila kona alikanyaga mafuta mapema kuliko wengine na gari likaitika palepale, bila kusitasita, bila kuruka. Mzunguko wa tatu alikuwa wa tatu. Wa tano alikuwa wa pili, akiuona mgongo wa gari la Omwenga ukiyumba kila lilipojaribu kuteremsha nguvu zake zote chini kwa mara moja.

Mzunguko wa sita mvua ikaja, ile ya alasiri ya Kisii isiyobisha hodi. Murami ukawa kama sabuni. Omwenga alipunguza mwendo, akakanyaga tena, magurudumu yakazunguka mahali pamoja yakirusha matope. Mokeira alikuwa akihema kwa mdomo wazi, mikono inamuuma, miguu yake ikisikia kila kijiwe. Kwenye kona ya tisa ya mzunguko wa saba alipita kwa ndani, karibu kiasi cha kuona kola ya shati la Omwenga. Hakumwona tena mbele yake.

Alipovuka mstari, Ombati alikimbia kwenye mvua bila kofia na kuipiga boneti kwa viganja vyote viwili.

Lakini kwenye meza ya klabu, chini ya turubai, kikombe cha mshindi, kilichochongwa kwa jiwe laini la Tabaka, kilibaki palepale juu ya kitambaa cheupe. Omwenga alikuwa amesimama mbele yake, maji yanamtiririka.

"Lita moja na pointi sita haiwezi," alisema. "Ameweka injini nyingine ndani ya ganda lile. Naomba ukaguzi. Mwalimu akipenda, tutaifungua kesho, faraghani, asiaibike."

"Leo," Mokeira alisema. "Na hapahapa, wote wanaona."

"Injini bado ni moto."

"Mikono ni yangu."

Alilisogeza gari karibu na turubai, akavaa koti lake la gereji juu ya nguo zilizolowa. Yeye na Ombati walifungua. Turbo ilitoka kwanza, ikifuka moshi kila tone la mvua lilipoigusa. Mokeira aliishika kwa gunia na kuitua juu ya kitambaa cheupe, kando ya kikombe. Halafu kichwa cha injini. Kazi ilichukua zaidi ya saa nzima na hakuna mtu aliyekwenda nyumbani. Mkaguzi, Obwocha, mtu asiye na maneno mengi, aliinama na kipimo chake, akapima silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akapima na mwendo wa pistoni. Aliandika kwenye kijitabu, akapiga hesabu, akamwonyesha Mokeira ili aihakiki.

"Moja na pointi sita," alisema. "Pungufu kidogo."

Kelele za watu zilizima hata mvua. Omwenga aliangalia kijitabu, akaangalia turbo iliyokuwa imechafua kitambaa chake kwa masizi, akarudi nyuma hatua moja. Esnah alichukua kalamu na kitabu cha washindi. Mstari ulikuwa umeshachapwa neno *Bwana* mwanzoni.

"Likate," Mokeira alisema.

Esnah akalikata kwa mistari miwili. Mokeira akamtajia majina yake matatu, Drusilla Mokeira Machogu, polepole, na hakuondoka mezani mpaka herufi ya mwisho ilipokauka.

Kisha akaanza kurudisha injini. Baada ya muda Omwenga alikuja, ameshika kofia mkononi, sauti yake imeshuka.

"Giza litawakuta. Nina lori hapa. Nitakubebea gari mpaka Kebirigo."

Mokeira hakuinua kichwa. Alikuwa anakaza bolti ya mwisho ya turbo.

"Asante, Bwana Mwenyekiti. Litakwenda lenyewe."

Aliingia, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Ombati alipanda na kikombe mapajani, na watu wakafungua njia.