Sindano ya Kabureta ya Kushoto

Sikatai, nina wivu. Mdogo wangu husema nilizaliwa nao, na mimi humwambia anyamaze, yeye ambaye tangu utotoni kipande kikubwa cha nyama kilikuwa kinaangukia sahani yake. Lakini wivu wa safari hii ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mume wake.

Baba yetu amekuwa fundi pikipiki miaka arobaini. Mimi nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, kwenye karakana ile ile yenye sakafu nyeusi kwa oili. Pikipiki yake mwenyewe, ya zamani kuliko mimi, silinda mbili na kabureta mbili, ilikaa ukutani miaka sita chini ya turubai. Kila nikiomba niifungue ananijibu, "Bado, mama." Nikasubiri. Nilichotaka ni kimoja tu: anikabidhi zile kabureta, pikipiki iwake, halafu aseme mbele ya mafundi wenzake kwamba fundi wa nyumba hii ni mimi. Hajawahi kusema. Akiridhika na kazi yangu huguna, akapita zake.

Basi Jumatatu moja nafika kazini, namkuta shemeji amekalia kigoda changu. Kabureta zote mbili ziko mbele yake kwenye trei, zimefunguliwa mpaka skrubu ya mwisho.

"Mzee kaniomba nimsaidie, dada," alisema.

Shemeji ni fundi wa mafriji. Mafriji, jamani. Nilisimama pale na mkoba wangu begani, roho inaniuma hadi meno yakashikana. Nikamwita Bwana Friji tangu saa ile, na wiki nzima sikumwita vinginevyo.

Kibaya zaidi, alikuwa anajua kushika kazi. Alisafisha kila jeti kwa upepo wa pampu, akaiinua kwenye mwanga kuona kama kitundu cha petroli kimezibuka. Alitupa gasketi zilizokauka, akakata mpya kwa mkasi mdogo. Siku ya pili akaniuliza kwa adabu petroli inatakiwa ikae kimo gani kwenye bakuli la kabureta. Nikamwambia amuulize aliyemwita.

Ilipofika siku ya kulinganisha kabureta ndipo nilipochemka kweli. Injini ya namna ile, kabureta mbili zikivuta upepo usio sawa, inatetemeka na kukosa nguvu. Baba alinifundisha kulinganisha kwa kipande cha mpira: ncha moja unaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo wa kulia, unahamia kushoto, unazungusha skrubu mpaka mivumo ifanane. Ilinichukua miaka miwili kuijua, na katika wanafunzi wake wote niliijua mimi peke yangu. Bwana Friji akatoa mita mbili za mshale anazopimia mafriji, akaziunga kwenye kabureta, na baba akainama nyuma yake kutazama mishale.

"Baba, mita za nini?" nilisema. "Mpira si upo?"

Hakugeuka. Nikarudia, nikipandisha sauti kidogo.

"Mwache afanye," alisema, macho kwenye mishale.

Nikaenda kuosha mikono ambayo haikuwa michafu.

Jumamosi wazee watatu, mafundi wenzake wa zamani, walialikwa waje saa tisa waione pikipiki ikitoka. Saa saba baba na mkwe wake walikwenda kula. Mimi nilisema sina njaa, na kweli sikuwa nayo. Nilifungua kifuniko cha kabureta ya kushoto, nikavuta sindano inayopima petroli. Sindano ile ina mikato mitano, na kibanio chake Bwana Friji alikuwa amekiweka katikati, panapotakiwa. Nikakipandisha hadi mkato wa juu kabisa. Kibanio kikipanda sindano inashuka, petroli inapungua. Nikafunga, nikafuta alama za vidole.

Sikutaka kuharibu pikipiki ya baba yangu. Nilitaka ikohoe tu. Ikohoe mbele ya watu, baba akunje uso kama anavyokunja siku zote akisikia injini inadanganya, anigeukie na kusema, njoo uitazame wewe. Ningekirudisha kibanio kwa dakika tano, na Bwana Friji angerudi kwenye barafu yake.

Saa tisa baba akapiga kiki. Ikawaka kiki ya pili. Akavuta mafuta, na kabureta ya kushoto ikakohoa vizuri sana, kwa sauti, mara mbili. Wazee wakatazamana. Bwana Friji akashtuka.

Baba akatabasamu. "Safi," alisema. "Safi kabisa." Akaingiza gia, akatoka getini.

Mtu aliyenitoa kwenye chakula mara ngapi kwa sababu ya vali moja inayogonga, leo anasema safi. Halafu nikakumbuka: injini inayokosa petroli inapata moto, na ikipata moto sana inamfungia mtu gurudumu yuko barabarani. Nikakimbilia getini kumwita. Alikuwa ameshakata kona.

Alirudi baada ya robo saa, polepole, injini imelegea na inanuka moto. Nilishika ukuta nikashukuru. Alitoa plagi zote mbili akaziweka kiganjani: ya kulia rangi ya kahawia, ya kushoto nyeupe kama chaki. Wazee wakasogea.

"Kushoto petroli haitoshi," alisema. Akamtazama mkwe wake.

Bwana Friji alinitazama mimi. Alijua alikiweka wapi kile kibanio. Halafu akatazama chini. "Labda nilikosea, mzee. Nisamehe."

"Hujakosea, mwanangu. Nimekosea mimi." Baba alisema kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa anaongea miezi mingi bila mimi kujiuliza. "Masikio yangu yamekwisha. Mvumo wa mpira siusikii tena, ndiyo maana nikataka mita, mshale nauona. Na niliona haya binti yangu ajue. Yeye nilimfundisha kusikia, sasa nimwambie nini?" Akawageukia wenzake. "Kazi hii ilikuwa yake. Nimefundisha watu wengi, hakuna hata mmoja aliyeshika bisibisi kama huyu. Fundi wa nyumba hii ni yeye. Angeigusa yeye, isingetokea."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akanipigapiga begani. Bwana Friji alikuwa bado anatazama chini, masikio yamemwiva.

"Baba," nilisema, "niliigusa. Ni mimi niliyeshusha sindano."

Mkono uliokuwa begani mwangu ukaondoka.

Baba akainama kwangu, kiganja nyuma ya sikio, bado anatabasamu. "Sema kwa nguvu, mama. Sijakusikia."