Kikombe cha Pili

Mchoraji mmoja, ambaye majirani walimbandika jina la Mzee Jicho, alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilitangaza hata asipoulizwa: hajawahi kuchora kitu ambacho hakukiona kwa macho yake. Sufuria ikiwa na pengo, itachorwa na pengo lake. Dada yake alipomwomba picha ya harusi, alichorwa na chunusi yake puani, nyekundu, imeiva. Mpaka leo picha hiyo imegeuziwa ukuta.

Mkewe aliyajua yote hayo na aliyapenda. Siku ya maonyesho alivaa gauni jipya akaingia ukumbini kifua mbele. Mumewe alikuwa amekaa kisiwani msimu mzima akichora. Mke naye aliomba kwenda, akaambiwa upweke ndio mwalimu wa msanii. Basi akabaki nyumbani na watoto na bomba linalovuja, ili mwenzake afundishwe vizuri.

Picha zote ziliitwa Upweke, zikatofautishwa kwa namba tu. Bahari ilikuwa ya buluu ya kuumiza macho, minazi imeinama, jua tele. Katika ya kwanza mke aliona baraza, meza, na vikombe viwili. Akajisemea labda mtu alikuwa na kiu. Katika iliyofuata aliona ndara za mumewe, akazitambua kwa visigino vilivyolika, na pembeni yake ndara ndogo zenye ua jekundu. Akaacha kutabasamu. Kwenye ukuta wa pili kulikuwa na kamba ya nguo, na juu ya kamba nguo ya kuogelea ambayo, kwa tumbo lile la Mzee Jicho, isingempita hata magotini.

"Tazameni kikombe cha pili," mhakiki mmoja mwenye skafu alikuwa akiwaeleza wageni. "Hicho ni nafsi yake inayomtoroka. Upweke wa kutisha!"

Wageni wakatikisa vichwa kwa uchungu. Walikuwa watu wazima wenye akili zao timamu, na hata mmoja hakuuliza ni nani aliyekinywea.

Mke alimvuta kando dada wa mchoraji.

"Wifi, unaona ninachokiona?"

"Aa, wifi, usijipe presha bure. Si kabuni tu? Wasanii hawa..." Kidole cha wifi kilikuwa kimepanda chenyewe hadi puani. "Hapana," akasema polepole. "Huyu angekuwa anajua kubuni, mimi ningekuwa na picha ya harusi."

Mke akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa mumewe, katikati ya watu, ameshika shada la maua.

"Hongera, mume wangu. Nina swali dogo tu. Zile ndara zenye ua, uliziona au ulizibuni?"

Mzee Jicho angesema tu amezibuni, yangeisha. Mke alikuwa tayari kuumeza uongo huo mzimamzima. Alimkazia macho akimwomba kimoyomoyo adanganye, mara moja tu, kwa ajili yake. Lakini mhakiki alikuwa ameshatoa kalamu.

Mzee Jicho akainua kidevu. "Mimi sijawahi kuchora nisichokiona."

Makofi yakalipuka. Mhakiki akajifuta machozi kwa skafu. Mke naye akapiga makofi kidogo, kisha akachukua mkoba wake akaondoka, roho inamuuma kweli.

Jioni, akiwa dirishani, alimwona mumewe anakuja na shada lake, kichwa kimemvimba kwa sifa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nje yake palikuwa na sanduku, brashi, na turubai tupu ya kuchorea iliyoegemezwa ukutani.

"Mke wangu, hii ni nini?"

"Huo sasa ndio upweke," mke akamjibu. "Uangalie vizuri, halafu uuchore."

Akafunga dirisha. Juu ya sanduku alikuwa amemwekea kikombe kimoja.